Elfu Hamsini na Moja

Dar es Salaam tarehe ya harusi haipangwi na wanaooana. Inapangwa na paroko, inapangwa na mwenye ukumbi, na kama ukoo wenu una watu wa mpira inapangwa pia na watu msiowajua, waliokaa nchi nyingine wakichomoa vipira kwenye bakuli.

Sisi tulianza na paroko. Alifungua kalenda yake, akaweka kidole kwenye Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, akasema hapo Majilio yanaanza, na yeye ndani ya Majilio hafungishi ndoa mpaka kuwe na sababu nzito. Akatutazama mmoja mmoja kuona kama sababu nzito ipo. Haikuwepo. Ikabaki Jumamosi ya tarehe 2. Tukakimbilia ukumbini, tukaambiwa kuna maharusi walikuwa wameishika siku hiyo wakajitoa, tukiitaka tulipe nusu hapohapo. Tukalipa. Ilikuwa Agosti, siku chache tu baada ya Simba kuitoa Yanga kwa penalti pale Mkwakwani, Tanga, na kubeba Ngao ya Jamii, kipa wetu Ally Salim akipangua tatu. Nilikuwa na furaha ya mtu asiyeangalia mbele.

Mapema Oktoba droo ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikatoka. Yanga, ambao mara ya mwisho kucheza hatua hiyo ilikuwa 1998, wakawekwa kundi moja na Al Ahly ya Misri, CR Belouizdad ya Algeria na Medeama ya Ghana. Ratiba nayo ikafuata. Mechi yao ya kwanza nyumbani: Al Ahly, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Jumamosi tarehe 2 Desemba, usiku.

Baba mkwe wangu amekuwa mwanachama wa Yanga tangu mke wangu hajazaliwa. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kumweleza taratibu, kumbe alikuwa keshajua.

"Mwanangu, huo ukumbi wameshachukua hela?"

"Wameshachukua, baba."

"Na mkiahirisha wanarudisha?"

"Hawarudishi, baba."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Mungu ni mwema," akasema, simu ikakatika.

Mimi ni Simba wa kuzaliwa na nimekulia Chang'ombe, Temeke, jirani na uwanja, mahali ambapo goli unalisikia kwanza ndipo unaliona. Matangazo ya televisheni huchelewa sekunde kadhaa, kelele za uwanjani hazichelewi. Kwetu penalti haimpi mtu presha: mpigaji bado anaupanga mpira kwenye kioo, mtaa umeshanguruma, na ukiwa mzoefu unajua kwa mlio tu kama ni ngurumo ya jukwaa letu au ya jukwaa lao. Wageni wanaokuja kuangalia mpira nyumbani hulalamika kwamba tunawaharibia. Sisi hatuna namna. Tungeziba masikio na pamba, lakini hata madirisha yanatetemeka.

Siku ya mechi kubwa mtaa mzima unafanya biashara. Wenye ua mpana wanaegesha magari ya watu, wenye friji wanauza maji, mama lishe anaongeza sufuria la pili la wali, jezi zinaning'inizwa kwenye waya wa kuanikia nguo, nyekundu za Simba huku, kijani na njano za Yanga kule, zote za muuzaji huyohuyo. Kuna mzee mtaa wa pili ambaye hajawahi kushabikia timu yoyote maishani mwake. Yeye anakodisha choo. Shilingi mia tano. Huyo ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye Simba na Yanga zimemwingizia faida kila zilipokutana.

Kazi yangu ni Keko, kwenye karakana za samani. Mwanamke niliyemuoa alikuja kuagiza kabati la nguo la mninga, akanipa vipimo vilivyoandikwa nyuma ya risiti ya duka la dawa, na akarudi mara nyingi kuliko kabati lilivyohitaji. Kwao ni Ilala, na kwao ni Yanga, kuanzia babu mpaka mtoto wa shule ya awali. Mwenyewe husema hana timu. Nimeishi naye muda wa kutosha kujua hilo si kweli, ila kwenye ndoa kuna mambo hayachokonolewi.

Mwaka 2023 ulikuwa mwaka mgumu wa kuposa, kwa sababu timu zote mbili zilikuwa na shughuli. Tarehe 16 Aprili, ndani ya Ramadhani, Simba iliifunga Yanga 2-0, magoli ya Henock Inonga na Kibu Denis, na mimi nikaona huo ndio wakati wa kupeleka barua, maana sisi tunatembea kifua mbele. Mjomba wangu, aliyekuwa mshenga, aliniambia nina akili za kitoto. "Unakwenda kuomba kwa mtu aliyefiwa, halafu unakwenda unacheka?" Tukasubiri. Barua ilipokwenda, mjomba alivaa tai nyekundu. Anaapa mpaka leo kwamba ndiyo tai pekee aliyokuwa nayo. Akapigwa faini ya kubisha hodi kabla ya kuitwa, akapigwa faini ya kutaja vibaya jina la ukoo wa mama wa binti, na alipodhani ameshamaliza, bibi mmoja aliyekaa kwenye kona akainua kidole: "Na ile tai?" Elfu kumi. Faini ya tai ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko barua yenyewe.

Majibu tuliahidiwa Jumapili ya mwisho ya Mei. Halafu Yanga wakaingia fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger, na mchezo wa kwanza ukapangwa Dar es Salaam siku hiyohiyo, tarehe 28. Tukaarifiwa kwamba wazee wana safari. Safari ilikuwa ya kutoka Ilala mpaka Temeke. Yanga walifungwa 2-1, wakaenda Algiers tarehe 3 Juni wakashinda 1-0, na kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini. Kikao cha mahari kikawekwa wiki iliyofuata, na mimi nilijua tumekwisha. Mtu aliyekosa kombe la Afrika kwa kanuni, akikaa kupanga mahari ya binti yake, atakuwa na huruma ya nani?

Ikawa kinyume. Mzee alikuwa mpole kabisa. Alipokea, akasikiliza, akapunguza pale alipoombwa kupunguza, na mambo yalipokaa sawa akaagiza soda na kuanza kutusimulia. Nadhani timu ikifika fainali inamlainisha mtu hata ikikosa kombe, kwa sababu imemthibitishia kwamba miaka yake yote haikwenda bure. Alitusimulia tarehe 1 Juni 1968, Yanga ilipoifunga Sunderland, ndiyo Simba ya sasa, magoli matano bila. Yeye alikuwa mtoto mdogo, wakubwa wakibebana barabarani. Akaja kwenye miaka ya themanini, akaja kwenye tisini, akaja mpaka kwa mshambuliaji wao Fiston Mayele. Mjomba alikaa ametulia, mikono juu ya magoti, kama inavyompasa mshenga. Tulipoingia kwenye gari na kufunga mlango ndipo alipopasuka: "Umeona alivyoruka? Sitini na nane, paa, themanini! Tarehe 19 Julai 1977 imekwenda wapi? Sita bila! Abdallah Kibadeni peke yake matatu!" Aliendelea hivyo mpaka tunafika Buguruni. Nilimwambia angeyasema mle ndani. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli: "Na mke ungempata wapi?"

Baada ya hapo ikaja kamati. Asiyewahi kufanyiwa harusi ya mjini anaweza kudhani kamati ni jambo la maandishi tu. Kamati ni serikali. Ina mwenyekiti, katibu, mhazini, ina kamati ndogo ya chakula, ya vinywaji, ya mapambo, ya usafiri, na inakutana kila Jumapili jioni kwenye baa yenye bustani, ambako mwenye harusi anawanunulia vinywaji watu waliokuja kumchangia, hesabu ambayo sijawahi kuielewa. Mwenyekiti wangu alikuwa jirani yangu wa karakana, mtu mzima, fundi wa vitanda, na Yanga wa kutupwa. Nilimchagua kwa sababu hajawahi kuchelewesha kazi ya mteja. Tatizo letu la kwanza lilikuwa rangi. Nyekundu na nyeupe zinapendeza sana kwenye harusi, hilo hata mpambaji alisema; upande wa mke ukasema hawatakaa chini ya mapazia ya Simba. Kijani na njano nikakataa mimi. Baada ya majadiliano ambayo katibu aliyaandika kwa kifupi kuwa "wajumbe walichangia hoja," tukaafikiana bluu na nyeupe. Sote tukafurahi, mpaka kijana wa kamati ya usafiri alipouliza kwa upole kama wajumbe wanafahamu kwamba hiyo sasa ni harusi ya Azam.

Kikao cha tarehe 5 Novemba ndicho ninachotaka kukieleza vizuri. Jumapili, saa 11 jioni, Simba na Yanga. Tulishawahi kushauriana kuahirisha, mwenyekiti akakataa: kikao cha harusi hakiahirishwi, kinahamishwa. Tukahamia baa yenye televisheni kubwa. Agenda za kwanza zikapita kabla ya mpira kuanza. Kennedy Musonda akatufunga mapema, Kibu Denis akasawazisha muda mfupi baadaye, na mapumziko yakatukuta moja kwa moja. Ndani ya zile dakika 15 tulifanya kazi ambayo kwa kawaida ingetuchukua Jumapili mbili. Kamati ya vinywaji ikasoma taarifa yake, ikapitishwa. Bajeti ya mapambo, ambayo kila kikao ilikuwa inarudishwa, ikapitishwa bila swali. Mtu aliuliza kama ndafu ni mmoja au wawili, akajibiwa wawili, akasema sawa. Kila mtu alikuwa mwema, kwa sababu kila mtu aliamini kipindi cha pili ni chake.

Kipindi cha pili Max Nzengeli akafunga. Aziz Ki akafunga. Max akafunga tena. Pacome Zouzoua akafunga kwa penalti. Mkono mzima, tano kwa moja, na pale mezani kwetu kulikuwa na daftari la mihtasari lililo wazi na mwenyekiti aliyesimama, amejifuta jasho, amekunja mikono ya shati, na kwa sauti ya kiserikali kabisa akauliza:

"Wajumbe, kuna mengineyo?"

Usiku ule sikuwa mtu wa kuongea na mtu. Ndani ya siku mbili kocha wetu Robertinho alikuwa ameondoka, na vichwa vya habari vya magazeti pale kituo cha daladala vilikuwa vimeandikwa kwa herufi ambazo ungezisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Nilipita nikitazama viatu vyangu. Lakini Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua karakana, mhazini alituma ujumbe kwenye kundi: amepokea mchango wa mwenyekiti, shilingi 51,000.

Mwenyekiti alikuwa ameahidi laki na nusu na alishamaliza kulipa. Hii ilikuwa ya ziada. Dakika chache baadaye ikaingia nyingine, 51,000, kutoka kwa fundi wa makochi. Halafu dereva wa kirikuu anayetubebea mbao, ambaye alikuwa kwenye orodha tangu Septemba kwa ahadi tu: 51,000. Mchana habari ilikuwa imeshafika kijiwe cha bajaji na kwa mama lishe. Wasioweza elfu hamsini na moja wakatuma 5,100. Mama lishe mwenyewe alileta 5,100 mkononi, ile mia moja akaiweka juu ya benchi langu peke yake, kwa heshima, akasema, "Hii ndiyo yenu." Watu ambao sikuwa nimewapa hata kadi ya mchango wakawa wanamtafuta mhazini wangu wapate namba. Na mhazini, ambaye ni Simba mwenzangu na alikuwa na uchungu wake mwenyewe, ilimbidi kila mchango aushukuru kwa maandishi, mmoja mmoja, kwa jina, mbele ya watu wote.

Bajeti yetu ilikuwa na pengo ambalo lilikuwa linaninyima usingizi. Pengo hilo lilizibwa na Max Nzengeli.

Nimekulia Temeke, kwa hiyo nimeona misiba ya Wazaramo ikivamiwa na watani wao Wanyamwezi. Mgeni akiona mara ya kwanza anaweza kuita polisi. Mtu anajilaza karibu na kaburi anadai hela ndipo atoke, mwingine anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, wafiwa wanalia huku wanacheka. Lakini angalia mikono yao. Watani haohao wanachota maji, wanapasua kuni, wanakwenda na jembe, na hawaondoki mpaka shughuli iishe. Ruhusa ya kutukana wanaipata kwa sababu ya kazi hiyo. Tunapowaita Simba na Yanga watani wa jadi nadhani wengi wetu tunakumbuka nusu ya kwanza tu. Yanga ni ya 1935, na mwaka uliofuata ndipo waliojitenga nayo wakaanzisha timu yao, iliyopitia majina mengine kabla ya kuitwa Simba 1971. Kwa asili ni ugomvi wa nyumba moja, na makao makuu yao mpaka leo yako Kariakoo, umbali wa kutembea kwa miguu. Ugomvi wa nyumba moja una masharti yake.

Ndiyo maana matusi ya siku hizi yananichosha. Sisemi vijana wasitaniane. Mimi mwenyewe ni wa kwanza. Nasema mtu aliyejificha nyuma ya picha ya mchezaji, ambaye hajui kwangu na sijui kwake, akiniandikia maneno juu ya mama yangu kwa sababu ya goli la kuotea, huyo hajanitania. Hana anachonidai na sina ninachomdai. Mama lishe aliyeweka ile mia moja kwenye benchi langu aliniumiza kuliko wote wa mitandaoni, na siku ya harusi alikuwa wa kwanza kufika jikoni, amefunga kanga mbili, anaonja mchuzi ambao hakuajiriwa kuupika.

Na kwa kuwa nimeshaanza kulalamika, niseme na hili. Sisi watu wa kawaida tunaweza kukusanya mamilioni kwa daftari la shule na simu ya mkononi, tukashika tarehe, tukalisha mamia ya watu, bila kuahirisha. Mpira wenyewe haujafika hapo. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya Simba na Yanga ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku ileile. Yanga wakafika kwa muda wa zamani wakaondoka, Simba wakafika kwa muda mpya, watu wakabaki wanatazama nyasi. Tarehe 8 Machi 2025 tena: Simba wakasema wamezuiwa kufanya mazoezi ya mwisho uwanjani, hawachezi, na mechi ikaja kupigwa tarehe 25 Juni. Nawaza harusi ingeendeshwa hivyo. Bwana harusi amezuiwa kujaribu viatu Ijumaa, basi Jumamosi hatokei, bibi harusi yuko kanisani, bodi inakaa kikao. Mwenyekiti wangu angewapa wote faini.

Tarehe 2 Desemba ilifika. Misa ilikwisha vizuri, picha zikachukua muda wake, na msafara wetu ukatoka kanisani wakati ambao hakuna mtu mwenye akili angetoka: saa ambayo Temeke yote ilikuwa inaelekea uwanjani. Mbele pikapu ya matarumbeta, nyuma yake gari letu jeupe lenye utepe wa bluu, nyuma yetu Coaster ya wazazi. Barabara ya Mandela ilikuwa ya njano na kijani pande zote. Tukasimama. Hatukusimama kwa foleni. Tulisimama kwa watu. Kijana mmoja mwenye vuvuzela akainama dirishani, akaniangalia suti, akamwangalia mke wangu, akauliza, "Bro, wewe timu gani?" Sikuwahi kujibu. Kutoka kwenye Coaster baba mkwe alikuwa ameshatoa kichwa nje na kupaza sauti, "Huyo Simba! Lakini tumemshinda, mke ni wetu!"

Basi ikawa shangwe. Matarumbeta, ambao hulipwa kupiga nyimbo za harusi, wakapiga walichoona kinafaa, na watu wasiotujua wakalizunguka gari wakicheza, wakitupunguzia njia hatua kwa hatua, mwingine akitembea mbele kwa mgongo akituongoza kwa mikono miwili kama trafiki. Mtu akapitisha noti dirishani, akasema za pampasi. Mke wangu, yule asiyekuwa na timu, alikuwa anapunga mkono kwa ufundi ambao haufundishwi kwa siku moja. Nikanyamaza.

Ukumbini MC alikuwa ameonywa asitaje mpira. Alijitahidi mpaka kwenye keki. Upande wa bibi harusi ulikuwa umejaa lakini haupo. Nyuso zote zimeinama, zimepigwa mwanga wa simu kutoka chini. Yanga walikuwa wametoka kufungwa tatu bila kule Algiers wiki moja kabla, na Al Ahly si timu ya kucheza nayo. Siku hiyohiyo Simba ilikuwa Botswana na ilitoka sare tasa na Jwaneng Galaxy, matokeo ambayo hakuna mtu upande wangu aliyeona haja ya kuyatangaza. Tukalishana keki. Tukafika kwenye zawadi za wazazi. Nikiwa nimepiga magoti mbele ya baba mkwe, nimeshika blanketi lililofungwa utepe, meza za nyuma zikaguna kwa pamoja: Percy Tau amefunga, mchezo uko mwishoni. Mzee hakusogea. Alipokea blanketi, akaweka mkono wake kichwani kwangu, akaanza kutubariki. Alibariki nyumba, akabariki kazi ya mikono yangu, akabariki uzao, na alikuwa bado kwenye uzao pale ukumbi ulipolipuka. Pacome. Dakika tisini zimeshapita. Moja kwa moja.

Mkono uliokuwa kichwani kwangu ulinibonyeza chini kwa nguvu, kwa sababu mzee aliutumia kurukia. Blanketi likaenda upande wake, mimi upande wangu. Mama mkwe alipiga vigelegele ambavyo MC alivichukulia kuwa ni vya baraka, akaamuru muziki, na watu wakainuka meza zote kucheza, Simba kwa Yanga. Kuna picha ya wakati ule ambayo mpigapicha anaiona ni bora kuliko zote: mimi bado niko chini na mjomba wangu mshenga, Simba wa tangu enzi za Kibadeni, amembeba baba mkwe.

Kamati ilivunjwa Jumapili iliyofuata kwa utaratibu wa kawaida: supu, taarifa ya mapato na matumizi, majina ya waliokwama na ahadi zao. Nilisikitika kusikia kwamba wengi waliokwama walikuwa wa timu yangu. Yanga walilipa wote, wengine mara mbili.

Mwaka 2025 mwenyekiti wangu akawa anamuoza binti yake, na mimi nikapewa kadi ya mchango. Niliahidi laki moja, na nilikuwa na deni la heshima la kulipa. Nilitaka nitume matokeo, kama yeye alivyonitumia. Nikatafuta. Aprili 2024 walitufunga 2-1. Oktoba 2024, 1-0. Juni 2025, 2-0. Kila nilipogusa palikuwa pao. Nilikaa na simu mkononi, nikampigia mjomba, na mjomba hakuhitaji hata kufikiri. Nikatuma shilingi 60,000, kisha nikaandika kwenye kundi lao, mbele ya ukoo wake wote: "Tarehe 19 Julai 1977."

Mwenyekiti alinyamaza. Kundi likanyamaza. Baadaye mhazini wao, binti mdogo ambaye nadhani hata baba yake alikuwa mtoto mwaka huo, akaweka orodha mpya, na nikajitafuta mpaka nikajiona, mstari wa katikati: ahadi 100,000, taslimu 60,000, baki 40,000.